Maji Yasiyosukuma

Mabegi tuliyaacha Kusma, kwa mama mwenye duka,
yamerundikwa nyuma ya magunia ya mchele,
manne, yakinuka soksi za siku tisa za mlima.
Lalmaya hakutazama sura zetu. Alitazama mikono.
"Nani anajua kuogelea?" Ikainuka yote.
"Nani anasema kweli?" Ikashuka miwili,
wangu wa pili, polepole, kama bendera ya msiba.

Akatukaza majaketi kama mtu afungaye mzigo wa nyumbu:
goti mgongoni, vuta, vuta tena.
Akatupa maneno manne ya kuishi nayo siku tatu:
mbele, nyuma, kamba, chini.
Mengine, alisema, mtaambiana jioni.

Prajwol kulia, mimi kushoto.
Mwaka na zaidi tulikuwa hatusemezani
kwa rupia elfu kumi na mbili nilizomkopa
kununua pikipiki iliyonifia mkononi.
Bipana ndiye aliyetuketisha ubavu kwa ubavu,
akijifanya anapima uzito wa boti.

Kali Gandaki ni mto mweusi. Si uchafu.
Ni mlima uliosagwa ukawa wino,
na ndani ya mawe yake wamelala konokono
wa bahari iliyokuwapo kabla mlima haujazaliwa.
Yangji aliokota mmoja kambini, umejiviringa ndani ya jiwe,
akautia mfukoni. Lalmaya, bila kugeuka,
mwiko ungali ndani ya dengu:
"Rudisha. Huyo kwa wengine ni Mungu."
Akarudisha. Ng'ambo, watu waliovaa nyeupe
walikuwa wanamchoma mzee wao,
moshi ukitambaa juu ya maji bila haraka,
nasi tukala kimya, vijiko vikigonga bati.

Asubuhi tuliusikia kabla ya kuuona.
Lalmaya aliuita Mama Mkwe,
maana hupiti kwake bila kuinama.

Mbele!
Mto ukakunja uso.
Mbele, mbele!
Boti ikapanda, ikasita, ikafikiri,
chini!
nikawa simo.

Humo hamna juu.
Hamna hata kelele, ila kokoto zikisagana
jino kwa jino, na baridi
iliyoniingia puani kama mwenye nyumba.
Sikumkumbuka mama. Sikumkumbuka Mungu.
Nilikumbuka sufuria niliyoiacha jikoni bila kuiosha.

Kisha mkono. Bega la jaketi. Nikavuliwa
kama blanketi lililolowa, nikaanguka miguuni pake,
nikautapika mto. Akaniinamia,
midomo ya samawati, pumzi vipande vipande,
na neno lake la kwanza kwa miezi kumi na minne:
"Deni bado lipo."

Bipana alicheka hadi kasia likamponyoka.

Siku ya tatu mto ulikufa.
Hakuna aliyetuonya: bwawa la umeme,
maji yamelala bapa kama bati, chupa za plastiki
zikielea zisizo na pa kwenda.
Hapa hapana mbele wala kamba. Lalmaya amenyamaza.
Kila hatua unailipia kwa bega,
saa ya kwanza, saa ya pili,
malengelenge yanapasuka, na hakuna cha kuogopa
kinachoweza kukusaidia.

"Mwezi ujao nitakulipa," nikayaambia maji.
"Mwezi ujao niko Doha. Viza imetoka Ijumaa."
Kasia. Kasia. Yangyange mmoja akaruka,
akaghairi, akatua palepale.
Nikauliza ni miaka mingapi.
Miwili. Labda mitatu.
"Basi usilipe upesi," akasema,
akachovya kasia, nami nikachovya,
na ukuta wa bwawa, mbali kule,
haukusogea hata kidogo.